Mwenye Imani Naye Hulia



Liko neno moja lisikikalo sana katika misiba yetu. Mama aliyefiwa amekaa juu ya mkeka, macho yamemvimba kwa kulia, na mtu mmoja, mara nyingi mtu mwema kabisa, ainama na kumwambia sikioni: "Jikaze, dada. Wewe ni Mkristo. Mwenye imani halii hivyo." Neno hilo halimalizikii kaburini. Hurudi tena baada ya arobaini, hurudi mwaka wa pili, na hata mwaka wa kumi, kila mara yule mama aonekanapo ameinamisha kichwa.

Wasemao hivyo hawana nia mbaya, wataka kumwinua mwenzao. Lakini mimi naona wamtwisha mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Kwanza alikuwa na uchungu wa kufiwa. Sasa ana uchungu huo, na tena yampasa kuona haya mbele ya Mungu kwa sababu unamwuma.

Basi leo nataka tuzungumze habari ya amani ya moyo, ile amani ambayo Bwana wetu aliwaahidia wafuasi wake. Je, ni amani ya namna gani? Na mtu aliyeipata ajulikanaje?

Mimi ni karani wa parokia. Kazi ya karani si kuhubiri, ni kuandika. Ofisini mna madaftari makubwa ya Ubatizo, ya Kipaimara, ya Ndoa na ya Wafu, na pamoja na hayo mna daftari jingine jembamba, jalada lake limechakaa kwa kushikwashikwa. Hilo ni daftari la nia za Misa. Asomaye daftari hilo mwaka mzima ajua hali ya nchi kuliko asomaye gazeti, na mhariri anisamehe. Mvua zikichelewa, utaona kurasa mbili nzima za kuomba mvua. Shule zikikaribia kufunguliwa, wazazi huomba riziki. Novemba ni mwezi wa marehemu, na foleni hufika hadi chini ya mwembe.

Nia iandikwayo kwa maneno machache kuliko zote ni hii: "Kuomba amani." Huletwa na wazee kwa vijana, wanaume kwa wanawake. Nikiuliza, "Amani ya nani, baba, niandike jina?" hujibiwa, "Wewe andika tu hivyo hivyo, Padre atajua." Naandika. Lakini nimeona kwamba wengi wanaoiomba huitazamia kama mtu atazamiavyo dawa ya kichwa: unameza, kichwa kinaacha kuuma, basi, umesahau kama kiliuma. Na kichwa kisipoacha kuuma, hudhani dawa ni bovu, au wao wenyewe hawakustahili kupewa.

Mama mmoja huja kila mwaka tarehe ile ile kuandikisha Misa ya mwanawe aliyefariki akiwa mtoto wa darasa la pili. Hakosi. Mwaka mmoja baada ya kulipa sadaka yake hakuondoka. Akasema, "Mwalimu" (wengi huniita hivyo, kwa kuwa nilipita chuo cha ualimu kabla ya kushika kalamu hii ya ofisi), "wenzangu wa jumuiya wanasema ningekuwa na imani ningekuwa nimekwisha kusahau. Mimi nasali kila siku, lakini bado usiku mwingine naamka nikidhani nasikia sauti yake. Je, imani yangu ni ya bure?"

Nilimpa kiti, nikamsimulia habari za Mtakatifu Yosefina Bakhita. Nataka kuwasimulia nanyi, wala sitaruka sehemu ya mwisho, ambayo wasimulizi wengi huiruka.

MTOTO ALIYESAHAU JINA LAKE

Bakhita alizaliwa yapata mwaka 1869 huko Darfur, upande wa magharibi wa nchi ya Sudan. Ili mpate kuuelewa wakati wenyewe, kumbukeni kwamba mwaka 1868 ndipo Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao Bagamoyo, ambako walipokea watumwa waliokombolewa, na soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi hadi mwaka 1873. Yaani yaliyompata mtoto huyu kaskazini ndiyo yaliyowapata babu zetu wengi katika njia ya kutoka Ujiji na Tabora hadi pwani.

Nyumba yao ilikuwa na watoto wengi na furaha nyingi. Dada yake mkubwa ndiye aliyetekwa kwanza. Kisha, yeye mwenyewe akiwa mtoto wa miaka saba au minane hivi, alikuwa mashambani na rafiki yake, wakatokea watu wawili wenye silaha, wakamshika. Woga ulimwingia mpaka akasahau jina alilopewa na baba yake na mama yake. Wazazi mnaosoma, jaribuni kulifikiri jambo hilo. Hakulikumbuka tena maisha yake yote. Hata leo Kanisa zima lamwita kwa jina alilopewa na watekaji. Nao, kwa dhihaka au kwa mazoea ya kazi yao, walimwita Bakhita, maana yake "mwenye bahati". Sisi wenye Kiswahili hatuhitaji kutafsiriwa sana, kwa kuwa neno letu "bahati" latoka katika shina lile lile.

Alitembezwa kwa miguu mamia ya kilomita hadi El Obeid, akauzwa, akanunuliwa, akauzwa tena. Aliwahi kutoroka pamoja na msichana mwenzake, wakakamatwa tena. Katika nyumba moja kijana wa bwana wake alimpiga kwa mjeledi na mateke, hata akalala zaidi ya mwezi mzima asiweze kujigeuza. Kisha akanunuliwa na jemadari mmoja wa Kituruki, akawatumikia mama na mke wa jemadari huyo, na huko mjeledi ulikuwa wa kila siku. Ndipo siku moja akaitwa fundi wa kuchanja. Kwa unga mweupe fundi alichora alama juu ya mwili wa msichana, kifuani, tumboni na mkononi, akazifuata alama zile kwa wembe, kisha akazisugua kwa chumvi ili makovu yasizibike. Alama zilikuwa zaidi ya mia moja. Sitaongeza neno hapa.

Mwaka 1883, katika mji wa Khartoum, alinunuliwa na makamu wa balozi wa Italia, Callisto Legnani. Bakhita alishangaa kuona amri zikitolewa katika nyumba hiyo bila mjeledi. Mwaka 1885 vita vya Mahdi vilipomlazimu bwana huyo kurudi kwao, msichana aliomba aende pamoja naye. Walipofika bandari ya Genova alikabidhiwa kwa familia nyingine, familia ya Michieli, akawa yaya wa mtoto wao mchanga aliyeitwa Mimmina. Akampenda sana.

MSALABA MDOGO WA FEDHA

Sasa tazameni namna imani ilivyomjia. Haikuanzia katika mahubiri wala kwa padre. Yule bwana aliyesimamia mali ya familia ile, Illuminato Checchini, alikuwa mlei tu, mtu wa hesabu na mashamba, karibu na kazi yangu mimi. Yeye ndiye aliyempa msalaba mdogo wa fedha. Bakhita hakujua maana yake. Aliuficha, akawa akiutazama faraghani, na alisema baadaye kwamba alijisikia kuvutwa na nguvu asiyoweza kuieleza.

Mwaka 1888 mama wa nyumba alikuwa na safari ya kurudi Suakin, kwenye bahari ya Shamu, ambako mume wake alinunua hoteli. Akawaacha mtoto na yaya kwa Masista Wakanosa huko Venezia, katika nyumba ya wakatekumeni. Masista wakaanza kumfundisha Bakhita dini. Naye akawaambia jambo ambalo kila mzazi wa shambani atalielewa. Tangu utoto wake kule Darfur, alipoliona jua, mwezi na nyota, alikuwa akijiuliza, "Ni nani Bwana wa vitu hivi vizuri?" naye alikuwa na hamu kubwa ya kumwona, kumjua na kumheshimu. Masista walipomweleza habari za Mungu Muumba, alikuwa kama mtu anayetajiwa jina la ndugu aliyekuwa akimtafuta siku nyingi.

Papa Benedikto XVI aliieleza vizuri habari hiyo katika barua yake juu ya matumaini ya Kikristo, aliyoitoa mwaka 2007. Alisema kwamba Bakhita alikuwa amewajua mabwana wengi, wote wakimdharau na kumtesa, au kwa uchache wakimhesabu kuwa mtumwa mwenye faida. Sasa akasikia kwamba yuko Bwana juu ya mabwana wote, naye ni mwema, amjua yeye, amempenda tangu zamani, na Bwana huyu mwenyewe amekubali kupigwa mijeledi. Haya ndiyo maneno yaliyomfikia moyoni. Mtu ambaye mgongo wake umepigwa alimkuta Mungu ambaye mgongo wake umepigwa.

ALISEMA HAPANA

Wengi hudhani kwamba mtu mwenye amani ya Kristo ni yule asemaye ndiyo kwa kila kitu na kila mtu. Ngojeni mwone.

Mwaka 1889 mama wa nyumba alirudi Venezia kumchukua binti yake na yaya, ili wote waende Afrika kukaa kwenye hoteli. Bakhita akasema hapana, haondoki. Yule mama alikasirika, akasihi, akatisha, akamwita asiye na shukrani. Na kumbe kukataa huko kulimwuma Bakhita mwenyewe, kwa sababu maana yake ilikuwa kuachana na Mimmina, mtoto aliyemlea tangu uchanga. Hata hivyo alikataa. Hakutukana wala hakupiga kelele. Alisema kwamba ampenda mama huyo na mtoto wake, lakini hawezi kumpoteza Mungu.

Shauri likafika mbele ya serikali na mbele ya Patriaki wa Venezia. Tarehe 29 Novemba 1889 ikatolewa hukumu kwamba sheria ya Italia haijui utumwa, na kwamba Bakhita, aliyekwisha kutimiza umri wa mtu mzima, ni huru kuchagua atakako kukaa. Tangu alipotekwa, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa wataka nini.

Hili nalisema kwa ajili ya baadhi ya nyumba zetu. Wapo akina mama wanaopigwa usiku na kuambiwa asubuhi, "Vumilia, huo ndio msalaba wako." Wapo vijana wanaonyimwa ujira wao na tajiri anayekaa benchi la mbele kanisani, wakaambiwa, "Usilete ugomvi, tafuta amani." Msalaba wa Bwana ni kitu kitakatifu. Haufai kutumiwa kama kifuniko cha sufuria linalochemka. Aliyepigwa na aseme, kwa Padre, kwa wazee wa jumuiya, kwa mwenyekiti wa kijiji, na kama hakuna asikilizaye, basi polisi. Katika vituo vingi vya polisi Tanzania lipo dawati la jinsia na watoto kwa ajili ya mashauri ya namna hiyo. Kwenda huko si kukosa imani. Bakhita hakupata amani kwa kurudi utumwani akiimba. Aliipata kwa kusema kweli mbele ya watu wenye mamlaka, naye akiwa mgeni asiye na ndugu hata mmoja chumbani.

Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa, akapata Kipaimara na Komunyo siku ile ile. Jina lake likawa Yosefina Margarita Fortunata. Fortunata ni lile lile jina la watekaji, "mwenye bahati", limegeuzwa Kilatini na kuoshwa kwa maji. Baadaye alionekana mara nyingi akilibusu birika la Ubatizo, akisema kwamba hapo ndipo alipokuwa binti wa Mungu. Mimi nishikaye daftari la Ubatizo sikosi kulifikiri jambo hilo kila Pasaka, tunapoandika majina mapya kwa haraka huku wazazi wakiuliza vyeti vitakuwa tayari lini.

Alitoa nadhiri zake katika shirika la Wakanosa tarehe 8 Desemba 1896. Mwaka 1902 akapelekwa Schio, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia, na huko ndiko alikoishi sehemu kubwa ya maisha yake. Kazi zake? Kupika, kushona, kudarizi, kutunza vitu vya sakristia, na kukaa mlangoni. Miaka mingi alikuwa bawabu. Watoto wa shule walipopita aliwawekea mikono kichwani, na watu wa mji walimzoea kama wazoeavyo kengele ya kanisa.

Walipomwuliza angefanya nini kama angekutana na wale waliomteka na kumtesa, alijibu kwamba angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa sababu yasingalitokea hayo, yeye asingalikuwa Mkristo wala mtawa. Hilo ni neno gumu, na naomba tusilitumie vibaya. Hakusema kwamba utumwa ulikuwa mwema, wala hakusema kwamba watoto wengine watekwe ili wapate Ubatizo. Hakumwona mama yake tena hata siku moja, wala hakuuita msiba huo kwa jina jingine. Alichosema ni kwamba wale watu hawakuwa tena na mamlaka juu ya moyo wake. Aliwatoa ndani, akawaombea.

SEHEMU WANAYOIRUKA

Sasa tufike nilipoahidi.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya ugonjwa mrefu. Alikaa katika kiti cha magurudumu. Waliomtembelea wakimwuliza hali, alijibu kwamba yuko kama Bwana atakavyo, na alimwita Bwana kwa neno lile lile la Kivenezia ambalo watumishi huwaitia matajiri wao, "paron". Watu waliona uso wake mtulivu, wakaondoka wamefarijika. Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa nzuri, na ingefaa kuandikwa nyuma ya picha takatifu.

Lakini katika siku zake za kufa, fahamu zake zilirudi El Obeid na Khartoum. Mtawa mzee, aliyekaa katika utawa zaidi ya miaka hamsini, aliyesamehe, aliyepokea Ekaristi maelfu ya mara, alikuwa akimsihi Sista aliyemwuguza, tena si mara moja, amlegezee minyororo, kwa kuwa ilikuwa mizito.

Hapakuwa na minyororo kitandani. Minyororo ile ilikuwa imeondolewa tangu ujana wake. Lakini mwili wake ulikuwa unaikumbuka.

Alikufa tarehe 8 Februari 1947, akimwita Bikira Maria, na wanasimulia kwamba alitabasamu. Tarehe 17 Mei 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri, na tarehe 1 Oktoba 2000 akamtangaza Mtakatifu. Angalieni vema. Wakuu wa Kanisa waliyachunguza maisha yake kwa makini, kama ilivyo desturi kabla ya kumtangaza mtu Mtakatifu, na habari ya minyororo ile imo katika simulizi la maisha yake lililotolewa na Vatikano. Haikuhesabiwa kuwa upungufu wa imani. Hakuna aliyesema, "Huyu hakusamehe sawasawa, kwa kuwa bado anaota mambo ya zamani." Amewekwa altareni pamoja na makovu yake, ya ngozi na ya ndani.

Kwa hiyo nilimwambia yule mama: ikiwa Mtakatifu Bakhita, baada ya miaka zaidi ya hamsini ya sala, aliweza kusikia minyororo usiku, kwa nini wewe usisikie sauti ya mtoto wako?

Wala jambo hili halikuanza na Bakhita. Someni Injili ya Mtakatifu Yohane, sura ya 11. Bwana wetu alijua kwamba atamfufua Lazaro baada ya dakika chache tu, lakini alipoona watu wanalia, naye alilia. Kama yuko mtu aliyekuwa na imani pale kaburini, si alikuwa Yeye? Kisha someni sura ya 20. Jioni ya Pasaka wafuasi wamejifungia kwa hofu, Bwana aja kusimama kati yao na kuwapa amani. Na mara baada ya kuwapa amani afanya nini? Awaonyesha mikono na ubavu. Mwili uliofufuka, usioweza kufa tena, bado una matundu ya misumari. Angaliweza kuja bila alama yoyote, lakini hakutaka. Amani na makovu vilikuja pamoja katika saa moja, kutoka kwa Mtu mmoja.

JE, AMANI HIYO YAPATIKANAJE?

Nitasema niliyoyaona kwa watu wa vijijini mwetu, si niliyosoma vitabuni tu.

Shida ikiingia nyumbani, swali la kwanza kwetu mara nyingi huwa, "Ni nani aliyenifanyia hivi?" Mtoto ameugua degedege, ng'ombe amekufa, binti amekosa mume, na jina la jirani fulani laanza kunong'onwa. Hapo ndipo wapo watakaokwenda usiku kwa mganga wa ramli, na Jumapili wako kwenye kwaya. Sisemi habari ya mzee ajuaye mizizi ya kutibu tumbo; dawa ni dawa. Nasema habari ya yule anayekuuzia jina la adui. Umempa kuku, umempa fedha ya mbolea, naye amekupa chuki itakayokaa katika nyumba yako mpaka wajukuu. Nimeona ukoo mmoja, ndugu wa tumbo moja, hawasalimiani miaka kumi na miwili kwa ajili ya neno la mtu wa ramli ambaye wala hakuwa mwenyeji wa kata hiyo. Mtoto mwenye degedege apelekwe zahanati upesi, usiku ule ule, wala asingoje kulipambazuka. Huo nao ni ucha Mungu.

Bakhita alikuwa na maadui wa kweli, wenye sura na majina, wala hakuhitaji ramli kuwajua. Hata hivyo hakuwapa nafasi ya kukaa ndani yake. Tena kusamehe huko hakukuwa kazi ya siku moja. Kama msamaha wako leo umefika nusu ya njia, shukuru kwa nusu hiyo, na kesho uendelee na safari. Unaweza kumsamehe mtu na bado ukaomba mahakama ikurudishie shamba lako.

Habari ya sala, nitasema kidogo, maana mapadre hulisema vizuri zaidi. Watu wengi wenye huzuni huacha kusali kwa kuwa hawana maneno mazuri. Wadhani sala lazima iwe safi kama nguo ya Jumapili. Soma Zaburi uone watu wa Mungu walivyomlalamikia Mungu waziwazi, wakimwuliza mpaka lini. Kanisa husali maneno hayo kila siku, mapadre na watawa kote duniani, wala hawaoni haya. Basi kama huna neno, kaa tu, shika rozari, taja jina la aliyekufa. Na wewe baba, usiwaachie wanawake peke yao sala ya jioni kwa kisingizio kwamba umechoka. Watoto waliokuona umepiga magoti siku ya shida watakuwa na kitu cha kushika nawe ukiwa umekwenda.

Na sisi wanajumuiya tunaokwenda kufariji, tupunguze maneno. Chota maji, kata kuni, osha vyombo, kaa karibu na mwenye msiba. Mwezi wa tatu watu wote wakiisha kurudi makwao, ndipo uende tena, umkumbuke marehemu kwa jina. Waliofiwa wengi waogopa kwamba jina hilo halitatajwa tena na mtu. Yule Sista aliyemwuguza Bakhita sijasoma popote kwamba alimkemea, kusema, "Acha hayo, ni ya zamani." Alikaa karibu naye.

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita ni tarehe 8 Februari. Tangu mwaka 2015 Kanisa limeifanya siku hiyo kuwa pia siku ya kuwaombea watu wanaouzwa na kusafirishwa kama mali, maana jambo hilo halijakwisha. Wapo mabinti wa vijiji vyetu walioahidiwa kazi nzuri mjini au ng'ambo wakajikuta wamefungiwa ndani bila mshahara. Na Darfur yenyewe, nchi aliyozaliwa, imeteseka mno katika vita vilivyozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023. Watu wengi sana wamekimbia makwao, na watoto wamepotezana na mama zao kama yeye.

Mwenye nia ya Misa kwa siku hiyo, iwe kwa Sudan, kwa binti aliye mbali asiyepiga simu, au kwa mtoto aliyelala kaburini miaka mingi, amwone karani wa parokia yake mapema, kabla Januari haijakwisha. Na aliyefiwa asiogope kutaja jina. Nafasi katika daftari ipo, na jina likiandikwa litasomwa kwa sauti mbele ya altare.